Kilo 100 kwa Saa: Kanuni Iliyozaa Injini Bora ya Langalanga

Machi 16, 2014, jijini Melbourne, Daniel Ricciardo alivuliwa nafasi ya pili saa kadhaa baada ya kupanda jukwaani mbele ya Waaustralia wenzake. Hakumgonga mtu, hakukata kona, na gari lake halikupungua uzito. Kosa lilikuwa la mafuta. Mita iliyofungwa ndani ya gari lake la Red Bull ilionyesha kwamba injini ilikuwa ikivuta petroli kwa kasi inayozidi kilo 100 kwa saa, na kanuni mpya za mwaka ule zilisema hapo ndipo mwisho. Red Bull walikata rufaa wakidai mita ile haiaminiki. Mwezi uliofuata wakashindwa mbele ya mahakama ya rufaa ya FIA, shirikisho la kimataifa linalosimamia mbio za magari.

Watazamaji wengi walikasirika. Waliona dereva ameadhibiwa kwa namba asiyokuwa na mamlaka nayo alipokuwa usukanini. Mimi nasimama upande wa namba ile. Naamini kikomo cha kilo 100 kwa saa ni kanuni bora ya kiufundi kuliko zote zilizopata kuandikwa katika mbio za magari, kwa sababu kiliwanyima wahandisi njia ya mkato na kuwalazimisha waitafute nguvu mahali ambapo kwa zaidi ya karne moja iliachwa ipotee. Naandika haya kwa sababu kanuni za 2026 zimekiondoa kifaa kikuu kilichozaliwa na kikomo hicho, na wapo wakubwa wa mchezo wanaotamani kuondoa mengi zaidi.

Tuanze na hesabu. Hadi mwisho wa 2013 magari ya Formula 1 yalitumia injini za V8 za lita 2.4 zisizo na turbo, zikizunguka hadi mara 18,000 kwa dakika, na hazikuwekewa kikomo cha mafuta. Gari liliweza kuteketeza kilo 150 hivi katika mbio moja. Mwaka 2014 zikaja V6 za lita 1.6 zenye turbo na mota mbili za umeme. Kila gari likapewa kilo 100 tu za kumalizia mbio nzima, na zaidi ya hapo likawekewa mpaka wa kasi ya kuyachoma mafuta hayo. Kanuni hazikusema injini itoe nguvu kiasi gani. Zilisema tu italishwa kiasi gani.

Kilo moja ya petroli ina nishati ya takriban megajuli 43. Ukiichoma kwa kasi ya kilo 100 kwa saa, unapata karibu kilowati 1,200, yaani nguvu farasi zipatazo 1,600. Hizo ndizo zilizomo ndani ya mafuta yenyewe kabla injini haijazigusa. V8 ya zamani ilikuwa ikigeuza kiasi kisichofika theluthi moja kuwa mwendo. Nyingine zote zilitoka kama joto kupitia rejeta na bomba la moshi. Chini ya kikomo kipya injini ya namna ile ingeambulia nguvu farasi kama 500, wakati mwaka uliotangulia ilikuwa na zaidi ya 700. Hapo ndipo ulipo uzuri wa kanuni. Ukitaka kumshinda mwenzako huwezi kuongeza mafuta, wala huwezi kuzungusha injini kwa kasi zaidi ukategemea wingi. Inabaki njia moja tu, nayo ni kupunguza unachokitupa.

Ushahidi kwamba njia hiyo inalipa ulikuwepo tangu zamani. Renault walileta turbo Silverstone mwaka 1977, kwenye gari lililokuwa likifuka moshi na kuharibika mara kwa mara hadi Waingereza wakalibandika jina la birika la manjano. Miaka miwili baadaye Jean-Pierre Jabouille akashinda kwa turbo ya Renault huko Dijon, na mwaka 1983 Nelson Piquet akatwaa ubingwa kwa injini ya BMW ya silinda nne na lita 1.5. Kufikia 1986 injini hiyohiyo, ikiandaliwa kwa ajili ya kufuzu tu, ilikadiriwa kutoa nguvu farasi zaidi ya 1,300, kisha ikatupwa baada ya mizunguko michache. Nguvu ile ilinunuliwa kwa mafuta na shinikizo la hewa, basi.

FIA wakaanza kukaza. Mwaka 1984 ziliruhusiwa lita 220 kwa mbio, 1986 zikawa 195, na 1988 wakashuka hadi 150 kwa magari ya turbo. Hockenheim mwaka 1986, Alain Prost aliishiwa mafuta karibu na mstari wa kumalizia, akashuka na kuanza kulisukuma gari kwa mikono. Wengi huikumbuka picha ile kama aibu ya mchezo. Lakini tazama kilichotokea 1988, mwaka wa kikomo kikali kuliko vyote: McLaren-Honda ya Prost na Ayrton Senna ilishinda mbio 15 kati ya 16, ikiziacha nyuma timu zenye injini zisizo na turbo ambazo hazikuwekewa kikomo chochote cha mafuta. Honda walikuwa wamejifunza kuchoma kidogo na kuchoma vizuri. Mwaka uliofuata turbo zikapigwa marufuku, na somo lile likasahauliwa kwa miaka 25.

Lilipofufuliwa, kazi ya kwanza ilikuwa ndani ya silinda. Ukichanganya hewa nyingi na mafuta machache, mchanganyiko huwaka kwa joto dogo zaidi na joto linalopotelea kwenye kuta za silinda hupungua. Tabu ni kwamba mchanganyiko huo mwembamba ni mgumu kuwasha, na wakati mwingine sehemu yake hulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Fundi yeyote wa gereji anaujua mlio huo: injini inagonga. Ferrari walishirikiana na kampuni ya Mahle ya Ujerumani kuleta jibu, ambalo baadaye lilienea. Plagi inazungushiwa chumba kidogo chenye matundu. Moto unaanzia mle, kisha unachomoka kupitia matundu na kuwasha silinda nzima kutoka pande nyingi kwa wakati mmoja. Mchanganyiko ambao zamani usingewaka ukawa unawaka upesi na kwa usafi, mafuta yakipulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo linalofika bar 500. Wazo la chumba cha aina hiyo ni la zamani sana. Kilichokosekana ni sababu ya kuhangaika nalo, na mita ya mafuta ndiyo iliyoileta sababu hiyo.

Kazi ya pili, na ndiyo inayonigusa zaidi, ilikuwa kwenye moshi. Turbo ya kawaida ina mapangaboi mawili kwenye shafti moja. La kwanza linazungushwa na moshi unaotoka, la pili linasukuma hewa kuingia kwenye injini. Udhaifu wake unajulikana na kila aliyewahi kuendesha gari la turbo la miaka ya nyuma: ukiachia mafuta linapoa, ukikanyaga tena linachelewa kuamka. Na injini ikifika kileleni, moshi unakuwa mwingi kuliko unaohitajika, hivyo unafunguliwa mlango wa pembeni na kuachwa uende zake.

Mwaka 2014 wahandisi waliruhusiwa kuunganisha mota ya umeme na shafti hiyo. Kanuni ziliiita MGU-H. Hapa nitaiita mota ya turbo. Dereva anapokanyaga, mota inalizungusha pangaboi papo hapo bila kungoja moshi. Moshi unapozidi, mota inageuka jenereta na kufua umeme unaokwenda moja kwa moja kwenye mota ya pili, ile iliyounganishwa na injini na yenye nguvu farasi 160. Umeme uliovunwa gari linapofunga breki ulipangiwa mgao: gari liliruhusiwa kuhifadhi megajuli 2 kwa kila mzunguko na kutoa betrini zisizozidi 4. Umeme uliotokana na moshi haukupangiwa mgao wowote. Ndiyo maana gari lenye turbo nzuri liliendelea kusukumwa na umeme mpaka mwisho wa sehemu iliyonyooka, wakati lenye turbo dhaifu liliishiwa katikati na kupitwa kirahisi mbele ya dunia nzima.

Sijaona kifaa kingine katika mbio za magari kinachostahili heshima kama hiki. Kiliruhusiwa kuzunguka hadi mara 125,000 kwa dakika, upande mmoja kikiwa na pangaboi linalounguzwa na moshi wa nyuzi joto zaidi ya 900, upande wa pili pangaboi linalotakiwa lisukume hewa isiyopata moto. Na mwaka 2018 kila dereva alipewa vitatu tu kwa msimu wa mbio 21. Linganisha na zile BMW zilizokufa kabla ya chakula cha mchana.

Kifaa hicho ndicho pia kilichozima kelele. Mlio wa V8 ulikuwa mawimbi ya shinikizo yaliyotoka bombani na nguvu zao zote. Sasa pangaboi linayachukua kabla hayajafika nje. Waandaaji wa Melbourne walilalamika hadharani. Mercedes wakajaribu bomba lenye mdomo mpana kama tarumbeta huko Barcelona mwezi Mei 2014, halikufaa kitu, na 2016 kanuni zikaongeza mabomba ya pembeni ili mlio upande kidogo. Nawaheshimu wanaoukosa ule mlio wa zamani, maana mchezo huu huingia masikioni kwanza. Lakini wenye mchezo walikosea vibaya. Waliomba radhi kwa ukimya badala ya kuueleza. Hawakumwambia shabiki wa kawaida kwamba kelele aliyoipenda ilikuwa nguvu inayomwagwa, na kwamba gari lililo mbele yake linaenda kwa kasi ileile kwa theluthi mbili tu ya mafuta.

Tofauti kati ya aliyeielewa mapema kanuni hii na asiyeielewa ilikuwa kubwa mno. Kiwanda cha Mercedes cha Brixworth, Uingereza, chini ya Andy Cowell, kilizitenganisha sehemu mbili za turbo: pangaboi la moshi nyuma ya injini, la hewa mbele yake, na mota katikati, ndani ya bonde la V, vyote vikiunganishwa na shafti ndefu. Shafti ndefu inayozunguka kwa kasi ile hutetemeka, na mtetemo huvunja. Walikubali taabu hiyo kwa sababu malipo yake yalikuwa makubwa: hewa haipati joto la moshi, kipozea hewa kinakuwa kidogo, na pangaboi la hewa linaweza kuwa kubwa. Mercedes walishinda mbio 16 kati ya 19 mwaka 2014, na hawakuachia ubingwa wa timu hadi walipokuwa wameutwaa mara nane mfululizo.

Honda walifuata mwaka mmoja baadaye na wakapita njia nyingine. McLaren walitaka gari jembamba mno nyuma, kwa hiyo Honda wakabana turbo ndogo ndani ya bonde la V. Turbo ndogo haikuweza kuvuna umeme wa kutosha kutoka kwenye moshi, na gari likawa linaishiwa nguvu kwenye kila sehemu iliyonyooka. Suzuka 2015, mbele ya wakubwa wa Honda, Fernando Alonso alisikika redioni akiifananisha injini yake na ya daraja la chini. McLaren walimaliza msimu wakiwa wa tisa kati ya timu kumi.

Ninachowaheshimu Honda ni kilichofuata. Mwaka 2017 walibomoa kila kitu na kufuata mpangilio wa kutenganisha turbo, wakakutana na mtetemo uleule ambao Mercedes walikuwa wameshaumaliza, na injini zikavunjika moja baada ya nyingine. McLaren wakaachana nao. Wakahamia timu ndogo ya Toro Rosso, na kiwandani kwao Sakura wakafanya jambo ambalo kampuni nyingi hushindwa kulifanya kwa sababu ya kiburi cha idara: waliwaita wahandisi wa kitengo chao cha ndege, wanaotengeneza injini za HondaJet, waje kuwafundisha namna ya kuimudu shafti inayozunguka kwa kasi kubwa. Ilifaulu. Juni 30, 2019, Max Verstappen akashinda Austria kwa gari la Red Bull lenye injini yao, ushindi wa kwanza wa Honda tangu 2006, na mwaka 2021 akawa bingwa wa dunia. Kikomo cha mafuta kiliwapeleka watengenezaji wa magari kwenye elimu ya ndege. Sijui kanuni nyingine ya michezo iliyofanya kazi kama hiyo.

Kuhusu matokeo kwa namba, Septemba 2017 Mercedes walitangaza kwamba injini yao imevuka asilimia 50 kwenye mtambo wa kupimia wa Brixworth. Nusu ya nishati iliyomo ndani ya petroli ilikuwa sasa inageuka kazi. Rudi kwenye hesabu yetu: nusu ya kilowati 1,200 ni 600, sawa na nguvu farasi 800, ongeza zile 160 za mota na unakaribia 1,000. Toyota walipofikisha asilimia 40 kwenye injini ya Prius ya kizazi cha nne, hiyo ilikuwa habari kubwa kwa dunia ya magari, na ni haki yao. Magari ya ukoo huo, Prius na Aqua zilizotumika kutoka Japani, yamejaa Nairobi na Dar es Salaam, na madereva wake wanajua yanavyookoa kwenye kituo cha mafuta. Injini ya mbio ilifika mbele zaidi ya hapo.

Panapokuwa na mita pana kishawishi cha kuipita. Mwaka 2019 wapinzani walitilia shaka kasi ya Ferrari. FIA ilichunguza, ikasema haikuridhika kikamilifu lakini haikuwa na uhakika wa kuthibitisha kosa, na mwanzoni mwa 2020 ikalimaliza suala kwa makubaliano ya siri. Ferrari walikana kuvunja kanuni. Mita ya pili ikafungwa kwenye magari yote. Mita ya pili ilikuwa sawa. Siri haikuwa sawa, na timu saba zilizolalamika zilikuwa na haki.

Kuna mfano wa kinyume cha kanuni hii ambao Wakenya waliuona kwa macho yao Naivasha. Mwaka 2022 ubingwa wa dunia wa rali ulianzisha magari mseto ya Rally1: injini ya lita 1.6 yenye turbo, mota ya kilowati 100 na betri yake. Toyota walichukua nafasi nne za kwanza kwenye Safari Rally ya mwaka huo, wakarudia mwaka uliofuata. Lakini mfumo wa umeme ulitoka kwa mtengenezaji mmoja, Compact Dynamics, ukiwa umefungwa, uleule kwa Toyota, Hyundai na Ford. Mhandisi wa timu hakuruhusiwa kuuboresha. Ulikuwa mzigo mzito na ghali ambao haukumpa yeyote nafasi ya kumzidi mwenzake kwa akili. FIA waliuondoa kabla ya msimu wa 2025, magari yakapunguziwa kilo 80, na wachache walisikitika. Ukiwafungia watu kifaa wasichoruhusiwa kukigusa, hawatajifunza kitu kutokana nacho, hata ukikiita teknolojia ya kesho.

Sasa tufike kwenye 2026. Mota ya turbo imeondolewa. Mota ya pili imeongezwa kutoka kilowati 120 hadi 350, injini yenyewe ikashushwa hadi takriban 400, na mafuta yanatakiwa yasitoke kwenye visima vya petroli. Hoja za kuiondoa zilikuwa mbili. Ya kwanza ni gharama, nayo ni ya kweli: waliochelewa waliteseka miaka kadhaa kwa sababu ya kifaa hicho kimoja, na wageni kama Audi hawakutaka kulipia mateso hayo upya. Ya pili ni kwamba eti haina maana kwa magari ya barabarani. Hii siikubali. Mwaka 2022 Mercedes-AMG waliuza C 43 yenye turbo inayosukumwa na mota ya umeme. Mwaka 2024 Porsche, kampuni ya kundi lilelile la Volkswagen lililotaka kifaa hiki kiondolewe, walitoa 911 Carrera GTS ambayo turbo yake inafua umeme kutokana na moshi, hadi kilowati 11. Kitu kilichoitwa hakina maana kinauzwa dukani.

Na matokeo ya kuiondoa yapo kwenye kanuni zenyewe. Bila umeme wa moshi, betri inategemea breki, na breki pekee hazitoshi kulisha mota ya kilowati 350. Kwa hiyo injini inalazimika wakati mwingine kuchoma mafuta ili kuchaji betri, na kanuni zinapunguza nguvu ya umeme gari linapopita kilomita 290 kwa saa. Umeme umeongezwa karibu mara tatu, kisha chanzo chake bora kikafungwa. Wameandika hesabu isiyokamilika.

Nawapa sifa kwa jambo moja. Walikibakiza kikomo, tena wakakiboresha: sasa kinapimwa kwa nishati, megajuli 3,000 kwa saa, badala ya kilo, ili mafuta ya aina tofauti yahukumiwe kwa haki. Moyo wa kanuni ya 2014 bado unapiga. Hofu yangu ni ya baadaye. Mwaka 2025 rais wa FIA, Mohammed Ben Sulayem, alianza kuzungumza hadharani juu ya kurudisha V10, kisha V8, na mashabiki wengi walimshangilia kwa ajili ya mlio. Sina ugomvi na idadi ya silinda. V8 inayolishwa kwa kipimo itawafundisha wahandisi mambo mapya, na V8 inayokunywa itakavyo itaturudisha 2013.

FIA watakapokaa kuandika kanuni zinazofuata, wachague silinda wanazotaka na mlio wanaoutaka. Ila mita ya mafuta ibaki pale ilipo, na timu yoyote itakayotaka kuutumia tena moshi wake kufua umeme iruhusiwe.